Gari Lililoombewa Kabla Sijamaliza Kusema

Nimeacha kulala chini ya magari. Magoti yamekataa, na jicho la kushoto halioni tena ufa mwembamba mpaka niuguse kwa kidole. Ninyi vijana wa gereji yetu, ambao sasa ndio mnaopelekwa na wanunuzi kukagua magari, mmeniomba niandike niliyoyaona. Najua mlitaka mbinu. Mbinu zipo na nitazitaja, lakini kilichonifanyia kazi miaka yote ni hofu. Niliogopa siku ya kwanza na niliogopa siku ya mwisho. Wapo mafundi niliowajua ambao hawakuogopa kitu. Walioogopa ni wateja wao.

Niliacha shule darasa la sita. Baba alitangulia, mama akamfuata kabla ya mwaka kuisha, tukabaki wanne kwenye nyumba ya vyumba viwili kule Bigwa. Mimi ndiye mkubwa. Hamisi, wa mwisho, alikuwa bado anabebwa mgongoni. Wajomba walikaa kikao wakaamua kutugawa, kila mmoja aondoke na mtoto wake, na kwetu sisi Waluguru mjomba akishaamua huwa pameishia hapo. Nikasimama mlangoni nikasema hatugawanyiki. Nilitetemeka mpaka mjomba mkubwa akadhani nina homa. Wakaniachia, nadhani kwa kuamini kwamba baada ya mwezi nitawafuata mwenyewe nikilia.

Nilianza kwa kuuza chai na vitumbua kwenye gereji ya Fundi Kibwana, nyuma ya stendi ya zamani. Fundi Kibwana alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kofia iliyolowa grisi mpaka ikawa ngumu kama sahani. Siku moja msaidizi wake hakuja, akaniambia niweke birika chini nioshe nati kwenye dizeli. Nikaosha. Kesho yake akaniambia tena. Mwezi wa tatu vitumbua nilikuwa nawaachia wadogo zangu wauze.

Siku ya kwanza aliyoniambia niingie chini ya gari nililia.

"Unalia nini?" akauliza.

"Litaniangukia."

"Umeangalia jeki imekaaje?"

"Hapana."

"Basi toka ukaangalie jeki kwanza, halafu urudi ulie."

Nikatoka, nikaangalia. Jeki ilikuwa imekaa juu ya kokoto. Fundi Kibwana alileta ubao tukauweka chini yake. Sijui kama alikuwa ameiweka vile makusudi. Sikuwahi kumuuliza, na tangu siku hiyo sijaingia chini ya gari lolote kabla ya kuizunguka jeki.

Yeye ndiye aliyekuwa akiitwa na watu kuwakagulia magari kwenye yadi za barabara ya Dar, na ndiye aliyenirithisha vifaa vyake. Ninyi mna mashine ya kuchomeka kwenye gari ikawasomea magonjwa yake. Mimi nilikuwa na tochi, kioo cha kunyolea ndevu, nyundo ndogo, na sumaku niliyoifunga kwa kipande cha kanga isikwaruze rangi. Sumaku ikiteleza mlangoni bila kushika, ujue chini ya rangi hakuna bati, kuna puti, ule udongo wa kuzibia mabonyeo. Nyundo ni ya chasi, ule mfupa wa chuma unaobeba gari zima. Chuma kizima ukikigonga hulia. Kilichokatika kikachomelewa hujibu kwa sauti fupi, kama mtu aliyekatizwa maneno. Mkono mtupu nao ni kifaa: fika mapema asubuhi, usisalimie mtu, weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, muuzaji ameamka kabla yako kuliwasha, na ana sababu: hataki ulisikie likiwaka baridi.

Kuhusu kupatana bei, Fundi Kibwana alikuwa na sharti moja: usitaje kasoro ambayo haipo. Mafundi wengi humpunguzia mteja bei kwa kubuni magonjwa. "Injini hii inakunywa oili," na oili ipo palepale. Alisema ukimdanganya muuzaji leo kwa faida ya mteja wako, siku utakayosema kweli atakuona mnafiki tu. Kwa hiyo tuliorodhesha tulichokiona, tukamwonyesha muuzaji kwa kidole, tukamwambia mnunuzi gharama ya kukitengeneza, halafu tukawaachia wenyewe. Wauzaji nao walikuwa na nyimbo zao. Kila gari lilikuwa la masista, lilitoka misheni Jumapili kwenda kanisani na kurudi. Kama masista wangemiliki magari yote niliyoambiwa ni yao, mji huu usingekuwa na pa kuegesha.

Fundi Kibwana alipofariki, watu wakaanza kuniita mimi. Mwanzoni walimtafuta mwanamume nyuma yangu. Mmoja alisubiri nusu saa nzima, akaniuliza, "Sasa dada, fundi anakuja saa ngapi?" Nilikuwa nimeshamaliza kulikagua.

Sasa niandike juu ya lile gari la Mgeta. Ningeweza kuliruka, na hakuna angejua.

Wakati huo Hamisi alikuwa mtu mzima, miaka ishirini na kitu, na alikuwa ameajiriwa kwenye yadi ya mtu niliyezoea kumwita Bosi Mponda. Aliosha magari, akayasogeza, akayapaka rangi pale palipohitajika. Hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza iliyodumu. Wadogo zangu wengine wawili walikuwa wameshaoa na kuolewa, huyu ndiye alikuwa amebaki mkononi mwangu, na kila mwisho wa mwezi alipoleta unga nyumbani nilihisi kama mzigo niliobeba tangu siku ya kikao cha wajomba umeguswa na mkono wa pili.

Jumatano asubuhi niliitwa na Mzee Kobero, katekista wa Mgeta, mkulima wa kabichi na karoti. Ukoo wake ulikuwa umeuza shamba la bondeni ili wanunue pikapu ya kushushia mboga, waache kukodi malori ya watu. Alikuja na mpwa wake Deo, ambaye angeiendesha. Pikapu yenyewe ilikuwa ya bluu, matairi mazuri, injini inanguruma vizuri, na ilikuwa kwenye yadi ya Bosi Mponda.

Niliingia chini. Kwenye chasi, juu kidogo ya springi ya nyuma upande wa kulia, palikuwa na rangi nyeusi mpya. Kwingine kote palikuwa na vumbi la miaka, pale tu pamepakwa. Nikagonga. Sauti ikakatika. Nikagonga tena, nikitumaini nimesikia vibaya. Gari la namna hiyo kwenye lami ya mjini linaweza kutembea miaka miwili. Kwa kushuka kutoka Mgeta na tani ya kabichi, na kona zile, na bonde lile, nililikadiria safari tatu, labda nne.

Nikaona viatu vya Bosi Mponda. Akachuchumaa, akaniangalia huku akitabasamu.

"Zuhura," akasema taratibu, "mdogo wako anajituma sana hapa kwangu."

"Namshukuru Mungu."

"Ningependa aendelee."

Akainuka akaenda. Nilibaki chini ya gari lile muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Nilipotoka, Mzee Kobero alikuwa amesimama mbele yangu. Akaniuliza kwa upole, kama anavyouliza mtu yeyote mwenye adabu zake:

"Vipi mwanangu, halina neno?"

"Halina neno, mzee," nikajibu.

Hapa nisimame kidogo. Sisi sote tumelelewa hivyo. Ukiulizwa habari za nyumbani unasema nzuri, hata kama kuna maiti ndani. Jibu jema linatangulia, halafu ndipo inakuja "ila", na baada ya "ila" ndipo yanapotoka yote. Mzee anajua hivyo, mtoto anajua hivyo. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema "ila". Lakini Mzee Kobero alikuwa amengojea gari hili miaka mingi. Aliposikia "halina neno" alivua kofia akasema, "Basi tumshukuru Mungu," akatoa mfukoni kichupa cha maji ya baraka. Bosi Mponda, ambaye ni Mwislamu kama mimi, alivua kofia yake haraka kuliko wote. Mzee akazunguka gari akinyunyizia, akayaombea matairi, akamwombea dereva, akaniombea na mimi na mikono yangu. Tukasema amina.

Kitu kikishaombewa, anayekitajia ubaya anakitia nuksi. Ndivyo nilivyojiambia. Nisiwadanganye, muda ulikuwepo. Walipokuwa wakiandikishana kadi ya gari nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwao. Nilimwona Hamisi kule nyuma ya lori bovu, ameshika tambara, ananiangalia. Sikusema. Mzee Kobero akanipa ujira wangu na fungu la karoti alilokuja nalo kutoka mlimani, wakaondoka.

Zile karoti sikuzigusa. Kila nikiingia jikoni nilizikuta zimelala pale na majani yake.

Namba ya simu ya Deo niliipata, nikapiga tangu jioni hiyo. Haipatikani. Alhamisi asubuhi nikaenda yadi.

"Bosi, lile gari lirudi. Chasi imekatika."

"Lirudi wapi? Uliulizwa mbele ya Mungu na watu, ukasema halina neno. Mimi ni nani nimrudishe mzee wa watu na gari lake lililobarikiwa?"

"Watakufa."

"Kila mtu atakufa, Zuhura. Acha nifanye kazi."

Hamisi alikuwa akifuta kioo cha gari lililo karibu. Alisikia yote. Aliinamisha kichwa akaendelea kufuta mahali palepale palipokwisha takata. Nilidhani ananionea aibu.

Usiku huo niliona kona za Mgeta kila nilipofumba macho. Ijumaa alfajiri nikachukua pikipiki. Kijana wa pikipiki alijitahidi kunichangamsha. Tulipopita Mlali na barabara ikaanza kupanda, akasema, "Mama, ukiendelea kunikaba hivyo tutafika maiti wawili." Nikalegeza mikono. Kona iliyofuata nikamkaba tena. Sikuwa naangalia barabara. Kila penye bonde nilikuwa naangalia chini, natafuta rangi ya bluu. Mahali fulani niliiona, chini kabisa, kati ya migomba. Nikapiga kelele mpaka yule kijana nusura atuangushe. Tulisimama. Ilikuwa turubai, mtu ameanika maharage.

Niliposhuka kwenye pikipiki nikaegemea ngema ya kando ya barabara. Kijana akauliza kama turudi. Nikamwambia twende.

Tulilikuta gari mbele ya nyumba ya Mzee Kobero, limeelekezwa bondeni. Kabichi zilikuwa zimepangwa mpaka juu ya bodi na kufungwa kamba. Juu ya mzigo walikaa wanawake watatu na matenga yao ya njegere, mmoja wao mke wa Deo, mtoto mgongoni. Deo alikuwa ameshawasha.

Mzee Kobero akaja na uso wa furaha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu! Karibu Mgeta. Habari za mjini?"

"Mbaya," nikasema.

Nadhani mzee alikuwa hajawahi kujibiwa hivyo na mtu mwenye afya.

"Deo, zima gari," nikasema. "Akina mama, shukeni. Naombeni mshuke."

Hawakushuka. Mama mmoja mnene akaniangalia kutoka juu ya kabichi. "Si huyu fundi wenu? Juzi halina neno, leo lina neno. Hilo neno limelikuta wapi, njiani?" Wakacheka. Hata Deo alicheka, mkono ukiwa kwenye gia.

Nikaenda nikalala chini, mbele ya tairi la nyuma la kulia, na gari linanguruma. Hiyo ni kinyume cha kila kitu nilichofundishwa. Lakini walizima. Nikamwita Deo aingie na tochi. Nikakwangua ile rangi nyeusi kwa bisibisi. Gari lilikuwa limepanda mlima mara moja tu, tena tupu, na mahali pa kuchomelea palikuwa pameshaanza kuachana. Nikamwambia aweke ukucha. Ukucha ukaingia.

Deo alitoka akaenda moja kwa moja kumpokea mke wake mtoto.

Mzee Kobero alingoja nisimame. "Uliuona ufa huu juzi?"

"Niliuona."

"Ukaniacha niombe?"

"Niliogopa, mzee."

"Ulimwogopa nani zaidi?"

Jibu la swali hilo nimelitafuta mpaka leo.

Walishusha mzigo wote, kabichi moja moja, bila kunisemesha. Tukafunga mtaimbo kwenye chasi kwa mnyororo, kama unavyofunga mguu uliovunjika, ili tulirudishe. Nilisema nitashuka ndani yake. Mzee akasema naye atashuka. Deo akaendesha kwa gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayesindikiza jeneza. Mzee alishika rozari, mimi nikisoma dua zangu kimoyomoyo. Mnyororo ulilia kila kona. Kuna mahali palitokea mlio mwingine, mmoja, mkavu.

"Dada, huo nini?"

"Endelea. Usikanyage breki ghafla."

Nilijua ni nini: mahali pa kuchomelea panazidi kuachana. Niliangalia mlango wa upande wangu, ulifungukia bondeni. Mzee aliendelea kuhesabu punje za rozari mpaka tulipoiona lami.

Alasiri tuliingia yadi. Walikuwepo wanunuzi wawili wageni, wanaangalia gari dogo jeupe. Nilimweleza Bosi Mponda kwa sauti ya kawaida, nikamwonyesha kwa kidole, sikuongeza kasoro yoyote ambayo haikuwepo. Nilimwambia mzee anataka arudishiwe fedha yake, na gari analirudisha, hili hapa.

"Hapa kwangu hakuna aliyegusa chasi," akasema. "Mmelijaza kabichi mkalivunja wenyewe. Na wewe Zuhura, ulisema nini Jumatano? Sema, mbele ya mzee. Ulisema nini?"

"Nilisema halina neno."

"Basi."

Na kweli ilikuwa basi. Nilikuwa nimejifunga kwa mdomo wangu. Mzee Kobero aliangalia chini. Shamba la ukoo wake lilikuwa limekwisha kuuzwa, na kilichobaki ni chuma kilichofungwa mtaimbo.

Ndipo Hamisi alipotoka stoo. Alikuwa ameshika kopo la rangi nyeusi, brashi bado imesimama ndani yake. Akaliweka juu ya boneti ya ile pikapu.

"Nilipaka mimi," akasema. "Jumatatu. Fundi wa kuchomelea alikuja Jumapili, yadi ikiwa imefungwa."

"Wewe, unajua unachosema?"

"Najua, bosi."

Bosi Mponda aliwaangalia wale wageni wawili. Walikuwa wameacha kuangalia gari jeupe, wanaangalia kopo. Akamshika Mzee Kobero mkono, akasema waingie ndani wazungumze kama watu wazima. Mzee akasema watazungumza hapohapo. Alirudishiwa fedha yake yote, hapohapo. Bosi hakumfukuza Hamisi kwa maneno. Alinyoosha tu kiganja, Hamisi akaweka funguo.

Mwaka uliofuata Mzee Kobero alinunua pikapu nyingine, akachukua fundi mwingine kuikagua. Sikumlaumu. Tangu hapo kila niliyekwenda naye yadi nilimwambia mapema kwamba mimi naanza na ubaya, adabu itafuata, na kama ana dua aisubirishe mpaka nimeshanawa mikono. Wengine waliniona sina malezi. Muuzaji mmoja alinipachika jina la Bi Mbaya, likanishika, na naamini limeniletea wateja kuliko sumaku yangu. Nanyi anzeni na ubaya hata kama mnatetemeka. Mimi nilitetemeka kila mara.

Jioni ile mimi na Hamisi tulirudi Bigwa kwa miguu. Nilikuwa nawaza kesho, kazi ataipata wapi mtu aliyemwumbua bosi wake mbele ya wateja. Tulikuwa tumeshaiona nyumba aliponiuliza kama niliogopa kushuka na lile gari.

"Niliogopa sana," nikasema.

"Mimi naogopa tangu Jumatatu. Nilijua utaitwa wewe." Alitembea kidogo. "Nikasema, dada ataona tu, na akiona atasema. Jumatano nilisimama nyuma ya lile lori, dada, nikisubiri useme."